Maboksi ya droo: ninunue au nitengeneze?

Seremala_Tanga: Habari za kazi, wakuu. Nina makabati manne ya jikoni, upana wa nje 600 mm, bodi ya 18 mm, droo mbili kila kabati. Reli ni za gololi, za pembeni, 450 mm. Ninunue maboksi yaliyo tayari au nitengeneze kwa plaiwudi?

Randa: Tengeneza. Nafasi ya ndani ni 564. Reli hula karibu 13 mm kila upande, hivyo boksi liwe 538 kwa nje. Kwa plaiwudi ya 12 mm: ubavu mbili za 450, mbele na nyuma 514. Kimo usiweke 150, weka 148. Msumeno ukila 3 mm kila mpasuo, upana wa 1220 wa bodi nzima unatoa vipande saba vya 150, lakini vya 148 vinatoka vinane, na kila kimoja, kwa urefu wa bodi wa 2440, kinatoa kuta zote nne za droo moja. Yaani bodi moja ya 12 mm inatosha kuta za droo zako zote nane.

Chimba mfereji wa kushikilia kitako (sakafu ya droo) kabla ya kukata vipande vifupi: kina 6 mm, na uwe 10 mm kutoka ukingo wa chini. Kitako ni plaiwudi ya 6 mm, 524 × 436. Ipime unene kwanza, mara nyingi haifiki 6 na itacheza. Kupigilia kitako misumari kwa chini ni kosa. Uzito wa vyombo utaking'oa.

Patasi: Vipimo viko sawa, ila pima nafasi mbele na nyuma ya kila kabati, usiamini 564 ya kwenye karatasi. Boksi likizidi milimita mbili reli zinabana na hakuna dawa ila kulibomoa. Likipungua kidogo, unaweka kipande cha formaika (karatasi ngumu nyembamba ya kufunikia bodi) nyuma ya reli. Ndiyo sababu maboksi ya tayari siyapendi: upana wake haubadiliki.

Kama huna msumeno wa meza, lipia ukataji kwenye karakana, uunganishe mwenyewe.

Seremala_Tanga: Na yale ya ubavu wa chuma?

Randa: Hayo nunua kwa droo ya sufuria nzito. Unakata kitako na mgongo tu, kwa kawaida bodi ya 16 mm, lakini fuata karatasi ya maelekezo ya seti yenyewe, kila kiwanda kina vipimo vyake.

Patasi: Kwenye plaiwudi toboa 2.5 mm kabla ya skurubu, la sivyo ukingo unapasuka. Gundi ikiwa mbichi, pima kona kwa kona. Zikitofautiana, bana ule ulalo mrefu kwa klampu mpaka zilingane.