Kanda 23 za baba: runinga ya zamani ilikuwa bora kweli, au tunaikumbuka kwa huruma?

MtotoWaMolo aliandika:

Hamjambo, ndugu zangu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili mwenye umri wa miaka 78, na tangu mama afariki mwaka juzi anaishi nasi hapa Nakuru. Alipohama kutoka Molo alikuja na nguo chache, redio yake, na sanduku la bati lenye kanda 23 za video alizorekodi kutoka KBC, runinga ya taifa ya Kenya, kati ya mwaka 1991 na 1997. Humo mna vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, tamthilia ya Tausi, na hata habari za saa moja jioni ambazo sijui kwa nini aliona haja ya kuzihifadhi. Deki yenyewe ilikufa zamani.

Tatizo langu lina pande mbili. Kwanza, kila jioni sebule yetu huwa na mvutano. Baba husema kwamba vipindi vya siku hizi ni kelele na mabusu, kwamba waigizaji hawajui ngeli, na kwamba ni vigumu kupata kipindi ambacho babu na mjukuu wanaweza kukitazama pamoja bila mmoja wao kuinamisha kichwa. Binti yangu wa miaka 14 humjibu kwa adabu, lakini humjibu: husema kwamba Babu hajawahi kukaa akamaliza hata sehemu moja ya tamthilia anayoilaumu. Kisha huchukua simu na kwenda chumbani, na mdogo wake humfuata. Pili, baba ameniomba nizihamishe kanda hizo kwenye flashi ili watoto waone alichokiita "runinga yenyewe". Fundi mmoja wa mjini anataka shilingi 1,000 kwa kila kanda, yaani shilingi 23,000 kwa jumla, na sasa ni Januari, mwezi ambao mzazi yeyote hahitaji kuelezwa.

Naomba mnishauri. Je, vipindi hivyo vilikuwa bora kiasi cha kustahili gharama hiyo, au tulivipenda kwa sababu hapakuwa na kingine? Mimi mwenyewe nilivitazama nikiwa mtoto, katika runinga ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, kwa hiyo siwezi kuiamini hukumu yangu.

BibiWaMakadara aliandika:

Mwanangu, pole kwa msiba wa mama, na mpe mzee salamu zangu. Mimi ni wa Mombasa na nimeitazama runinga tangu inaitwa Sauti ya Kenya, kabla haijarudishiwa jina la KBC mwaka 1989, kwa hiyo nitasema ninaloliona bila kupepesa macho: baba yako hakosei.

Chukua Vitimbi peke yake. Mzee Ojwang, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, hakuwa Mjaluo, lakini lafudhi ile aliivaa mpaka ikawa ngozi yake, na watu wengi walishangaa alipofariki mwaka 2015 walipogundua kwamba alikuwa Mkikuyu. Alipogombana na Mama Kayai, mkewe katika mchezo, hukuhitaji vicheko vya kubandika ili ujue pa kucheka, kwa sababu ulishawajua watu hao wawili kama unavyowajua majirani zako, na ulijua kabla hajafungua mdomo kwamba mzee ataanza kwa ukali na atamaliza kwa kujitetea. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyeiva jukwaani. Siku hizi naona vijana wazuri wa sura, wamevaa vizuri, nyumba zinang'aa, lakini wote wanazungumza kwa sauti moja, tajiri na mlinzi wake, mama na bintiye, na wakikasirika wote hukasirika kwa namna ileile.

Kuhusu lugha, sitaki kusema mengi kwa kuwa mzee ni mwalimu na amekwisha kusema. Tausi ilitufanya hata sisi wa Pwani tukae wima. Watoto wa jirani yangu, ambao nyumbani kwao hakikusemwa Kiswahili, walijifunza pale maneno ambayo shuleni waliyaona magumu. Lipia kanda hizo, mwanangu.

Mkaguzi aliandika:

Kwa heshima zote kwa Bibi, naomba nipinge, na napinga kama mtu aliyeyaona yaleyale aliyoyaona yeye.

Tunasahau jinsi jioni ya runinga ilivyokuwa kwa ukamilifu wake. Mpaka kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, kituo kilikuwa kimoja, na taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais hata kama siku hiyo alichofanya ni kuhudhuria ibada. Baada ya hapo walifuata mawaziri, kisha wakuu wa mikoa, na ukifika kwenye jambo lililowapata wananchi wa kawaida chai ilikuwa imepoa. Hatukuwa na pa kuhamia, kwa sababu kitufe cha kubadilisha kituo hakikuwa na kazi. Leo kijana anaweza kumwona waziri akibanwa kwa maswali moja kwa moja hewani mpaka jasho limtoke. Nikiambiwa nichague kati ya Vitimbi pamoja na habari zile, na tamthilia mbovu za leo pamoja na maswali hayo, nitachagua ya leo bila kusita. Kipindi cha vichekesho hakiwezi kupimwa bila kutazama kilichokizunguka.

Jambo la pili ni kwamba kumbukumbu huchekecha. Vipindi vya miaka ile vilivyokuwa vibovu, na vilikuwepo vingi, hakuna anayevisimulia, na hakuna aliyevirekodi. Tunachofanya ni kuchukua vipindi vitano bora vya miaka ishirini na kuvilinganisha na chochote kilichopo hewani usiku wa Jumanne. Hata wenye vituo hawakujua kipi kingekuja kupendwa: BBC ya Uingereza ilifuta kanda za vipindi vyake vingi katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na ziliweza kutumika tena, na baadhi ya sehemu za tamthilia yake ya Doctor Who zilizodhaniwa kuwa zimepotea zilipatikana Nigeria, jambo lililotangazwa mwaka 2013. Kwa hiyo ndugu, zihifadhi kanda hizo, lakini usizihifadhi kama ushahidi kwamba baba yako yuko sahihi. Anza na kanda za habari. Mwonyeshe binti yako dakika kumi tu za saa moja jioni ya mwaka 1991, kisha mwache azungumze na babu yake.

KijanaWaTanga aliandika:

Wenzetu wa Kenya mna bahati ya kubishana kuhusu miaka ya 1980. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha runinga mpaka mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwangu mimi, "runinga ya zamani" ni michezo ya kikundi cha Kaole katika ITV ya Tanzania, jambo ambalo Bibi wa Makadara pengine ataliona la juzi.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: marehemu baba yangu, tulipokuwa tukijazana kwa jirani kutazama Kaole, alibaki nyumbani akisema kwamba mchezo wa kweli ulikuwa Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, kwa sababu uliusikiliza ukauona mwenyewe kichwani, na kwamba runinga imewafanya waigizaji wavivu. Leo mimi nawaambia wanangu kwamba Kaole ilikuwa bora kuliko tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo mke wangu hazikosi. Nikijisikia nikisema hivyo, humsikia baba.

FundiKanda aliandika:

Naomba nijibu upande wa kazi, kwa kuwa wengine wameshika upande wa mjadala.

Shilingi 1,000 kwa kanda si wizi. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamishwa, kwa kuwa hakuna njia ya kuiharakisha, na fundi lazima awe karibu ili picha ikiyumba arekebishe. Deki nzima nazo zimekuwa adimu: kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na tangu hapo sisi tunaishi kwa kuchinja deki mbovu ili kuponya nyingine.

Lakini huna haja ya kuhamisha zote 23 mara moja. Fungua kifuniko cha kila kanda, utazame ukingo wa utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu, na kanda hiyo usiitie kwenye deki ya mtu yeyote, maana itachafua vichwa vya deki na kuambukiza kanda zitakazofuata. Zitenge hizo kwenye mfuko wao. Zilizo safi, mwambie fundi azizungushe mbele hadi mwisho na kurudi nyuma kabla ya kuzicheza, kwa sababu utepe uliokaa miaka thelathini bila kuguswa hushikana. Nyumbani zisimamishe kama vitabu, mbali na dirisha na jiko. Molo ni baridi na unyevu, kwa hiyo usishangae ukikuta robo yake ina ukungu.

Na kabla hujalipa hata shilingi, tafuta YouTube. KBC wenyewe wameweka huko vipindi kadhaa vya Vioja Mahakamani. Usilipie kuhamisha kitu ambacho kinapatikana bure na kwa picha safi zaidi.

Msomaji19 aliandika:

Mimi nina umri wa miaka 19, kwa hiyo naomba niseme kwa niaba ya binti, ambaye hayupo hapa kujitetea.

Nimetazama Vitimbi pamoja na shangazi yangu na nilicheka. Si kweli kwamba sisi hatuwezi kuvipenda vipindi vile. Kilichonichosha ni kuambiwa kila baada ya dakika mbili, "Unaona? Unaona?" Pia nadhani wakubwa hawalinganishi sawasawa. Vitimbi ilikuja mara moja kwa wiki. Tamthilia kama Maria na Zora za Citizen TV zilionyeshwa siku tano kwa wiki, na mwandishi anayedaiwa sehemu tano kila wiki lazima avute mambo: mtu atasimama mlangoni akishangaa mpaka tangazo lije, na siri ambayo ingetoboka Jumatatu itangoja mpaka Ijumaa. Hilo ni kosa la ratiba zaidi ya kuwa kosa la kizazi.

Ushauri wangu ni kwamba mzee na mjukuu wabadilishane. Mzee achague sehemu moja ya zamani, binti achague sehemu moja ya sasa, na kila mmoja aitazame ya mwenzake mpaka mwisho bila maelezo. Baba yangu na mimi tulifanya hivyo wakati wa likizo. Hatukukubaliana, ila aliuliza wiki iliyofuata yule mama wa kambo alifanywa nini.

MtotoWaMolo aliandika:

Nimerudi baada ya wiki tatu kuwashukuru na kuwapa habari.

Nilifuata maneno ya FundiKanda. Kanda saba zilikuwa na ukungu, na nimezifunga kando. Kati ya zile safi nilichagua nne, nikampelekea fundi, na nikalipa shilingi 4,000. Vioja tulivitafuta YouTube. Binti yangu ndiye aliyevipata, na alikaa mpaka mwisho, ingawa alipoulizwa na babu yake alisema tu kwamba mshtakiwa "anajua kuigiza", na mzee aliyachukua maneno hayo kama cheti. Ya Mkaguzi pia yametimia: tuliweka taarifa ya habari ya mwaka 1992, na mdogo wake aliuliza kama Rais alikuwa ndiye mwenye kituo. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba swali hilo lingempeleka mwalimu pabaya miaka hiyo. Sasa naelewa kwa nini alizirekodi. Nilidhani ni kwa heshima, kumbe alikuwa akihesabu dakika zinazopita kabla ya habari ya pili, na hesabu zake zote zimeandikwa kwa penseli kwenye majalada.

Kwa upande wake, mzee ametazama sehemu mbili za tamthilia ya mjukuu wake. Amelalamikia ngeli mara sita, na ya tatu wameiweka Alhamisi.

Nina jambo moja la kukiri. Kanda mojawapo kati ya zile nne ina maandishi ya marehemu mama kwenye lebo, neno moja tu, USIFUTE, na baba alitaka ihamishwe kabla ya nyingine zote kwa kuwa alikumbuka kwamba mama alirekodi humo sehemu ya mwisho ya Tausi. Fundi alipoicheza, Tausi ilikuwepo kwa dakika kumi na moja, kisha picha ikaruka, na kilichofuata mpaka mwisho wa kanda ni kipindi cha mpira, Football Made in Germany. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Baba hajui bado. FundiKanda, naomba unijibu kwa ukweli: kilichorekodiwa juu yake, je, kuna namna yoyote ya kukirudisha kilichokuwa chini?

FundiKanda aliandika:

Hakuna, ndugu yangu. Deki hufuta kwanza ndipo iandike. Hizo dakika kumi na moja ziweke mahali pawili.