Naombeni ushauri: Peugeot 504 inauzwa ghali "kwa sababu ni Pininfarina". Nilipe au niachane nayo?

Mtoto wa Pangani
Wakuu, habari za jioni. Nimepata Peugeot 504 ya mwaka 1977 hapa Tanga, bodi inaridhisha, injini inawaka bila kusukumwa. Tatizo ni bei. Mwenye gari anataka milioni tatu zaidi ya 504 nyingine niliyoiona, na hoja yake ni moja tu: "hii ni Pininfarina". Ubavuni kabandika kabisa nembo yenye jina hilo. Nimepekua kidogo nikaona ni kampuni ya Italia iliyochora Ferrari nyingi. Sasa gari la Mfaransa, Mwitaliano kaingiaje humo? Na jina lake lina thamani ya milioni tatu? Wajuzi karibuni, ila tafadhali asije mtu na "nunua IST".

Kibatari
Nunua IST.

Spana 13
Mkuu, hiyo 504 ina milango mingapi?

Mtoto wa Pangani
Minne. Kwani vipi?

Spana 13
Basi abaki na milioni zake tatu. Kuchora ni kazi moja, kuunda ni nyingine. 504 ya milango minne ilichorwa na Pininfarina, hiyo kweli, lakini umbo ni hilohilo kwa zote, hata ile teksi inayooza nyuma ya gereji. Waliozitengeneza ni Peugeot wenyewe. Yenye haki ya kuringia jina ni 504 Coupé (ya milango miwili) na Cabriolet (ya paa la kukunja), zilizotoka 1969. Bodi zake ziliundwa na Pininfarina huko Turin, kisha zikapelekwa Ufaransa kufungwa injini. Na hizo nazo zina adha yake: bodi yake si ya sedan, yaani hiyo ya milango minne, ukivunja taa au ukikunja boneti usitegemee kuchomoa kwenye 504 ya jirani.

Mzee Kabureta
Kuhusu Mwitaliano kaingiaje. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, tajiri wa Italia aliweza kununua chasi na injini tu kutoka Lancia au Alfa Romeo, halafu akaenda kwa mafundi wa bodi kuchagua umbo. Turin ilijaa karakana hizo. Bertone alianza 1912, Ghia akafuata, na 1930 Battista Farina akafungua yake. "Pinin" lilikuwa jina lake la utani tangu utotoni. Mwaka 1961 akaruhusiwa kisheria kuliunganisha na la ukoo, ndipo familia ikaitwa Pininfarina. Milan walikuwepo Zagato na Touring.

Mambo yaligeuka pale chasi na bodi vilipoanza kutengenezwa kama kitu kimoja. Hapo hakuna tena chasi tupu ya kumpelekea fundi aivalishe bati. Touring walikuwa mabingwa wa kutandaza alumini juu ya mabomba membamba, gari likawa jepesi ajabu, lakini 1966 walifunga. Waliopona ni walioona kwamba mchoro wenyewe unauzika. Pininfarina aliwachorea Peugeot 403 ya 1955, na miaka hiyohiyo akawachorea Waingereza wa BMC, waliotengeneza Morris. Ndiyo maana ukiegesha Peugeot 404 ya 1960 karibu na Morris Oxford ya 1959 utadhani zimetoka tumbo moja. Kwa macho yangu 404 ndiyo iliyopendeza, ile Morris mapezi ya nyuma yalizidi.

Kibatari
Historia tamu, lakini 504 ilishinda Safari Rally kwa ugumu wake. Jina la mchoraji halivuki tope.

Spana 13
1975 sawa, Ove Andersson alishinda na sedan. Lakini 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda na 504 Coupé V6. Bodi ya Turin. Kwa hiyo limevuka mara moja.

Binti Penseli
Msimdharau mchoraji jamani. Giorgetto Giugiaro alipitia Bertone na Ghia, kisha 1968 akaanzisha Italdesign pamoja na Aldo Mantovani. Volkswagen Golf ya 1974 ni mkono wake, Fiat Uno ya 1983 pia. Hyundai walipotaka gari lao wenyewe badala ya kuunganisha la Ford, walikwenda kwake, na Pony ikaonyeshwa Turin 1974. Nguvu ya Italdesign ni kwamba hawakukuuzia picha tu. Walikupa na kazi ya uhandisi, namna gari hilo litakavyotengenezwa kiwandani kwako.

Baadaye kampuni kubwa zikaimarisha idara zao za usanifu na biashara ikakauka. Volkswagen walichukua Italdesign 2010, Bertone ikafilisika 2014, Pininfarina ikanunuliwa na Mahindra wa India.

Na nembo isikutishe. Ford waliinunua Ghia mwanzoni mwa miaka ya 70, kisha wakabandika "Ghia" kwenye Cortina na Escort kuonyesha tu kwamba hili ndilo toleo lenye viti vizuri.

Mtoto wa Pangani
Nimewaelewa, shukrani. Kesho narudi kwake na bei ya kawaida. Nikague nini?

Spana 13
Inua mazulia uone sakafu. Angalia pembe za chini za milango, na ndani ya boneti pale springi za mbele zinapofungwa juu. Pitisha sumaku ubavuni, isiponasa ujue kuna puti chini ya rangi. Namba ya chasi ilingane na kadi. Ukikuta kutu mahali pa springi, ondoka hata akikupunguzia.

Kibatari
Nami nina Pajero iO, kuna mtu kaniambia hiyo nayo ni Pininfarina. Nipandishe bei?

Spana 13
Hiyo ni kinyume cha 504. Gari ni la Mitsubishi, Pininfarina walipewa kazi ya kuliunda Italia kwa ajili ya soko la Ulaya, likaitwa Pajero Pinin. Yako imetoka wapi?

Kibatari
Japani.

Spana 13
Basi uza kwa bei ya Japani.