Mtoto wetu aliyezaliwa Ubelgiji amepewa mkataba wa kwanza: sisi wa Bukavu tumwambie nini?

Baba Mdogo wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Kaka yangu mkubwa na mke wake waliondoka Bukavu mwaka 2001, wakati wa vita, wakafika Ubelgiji, na huko ndiko alikozaliwa mtoto wao wa tatu. Sasa ana miaka 17, anacheza kiungo katika timu ya vijana ya klabu moja ya daraja la kwanza, na mwezi huu mambo mawili yamemfikia kwa pamoja: klabu inataka kumpa mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, wa miaka 3, na shirikisho la Ubelgiji limemwita katika timu ya vijana kwa mechi mbili za kirafiki.

Tangu baba yetu alipofariki, mimi ndiye ninayeitisha vikao vya ukoo hapa Kadutu, kwa hiyo kaka ameniomba nikusanye mawazo ya wazee. Kikao cha Jumapili kilikuwa kigumu. Wazee wengi walisema kwamba mtoto akivaa jezi ya Ubelgiji hata mara moja atakuwa amejifungia mlango wa Chui, timu yetu ya taifa ya Kongo, kwa maisha yake yote, na kwamba mjukuu wao hawezi kusimama kuimba wimbo wa taifa lililotutawala. Wengine hawakuzungumzia timu ya taifa kabisa. Walitaka kujua mshahara utakuwa kiasi gani, na papo hapo ikatajwa nyumba ya kumaliziwa na karo za watoto sita.

Jioni mtoto mwenyewe alinipigia simu. Kiswahili chake ni kile alichofundishwa na mama yake, nacho ni kizuri. Aliniuliza: “Baba mdogo, nikiichezea Ubelgiji mtanikasirikia?” Sikuwa na jibu. Nilimwambia amalize kazi za shule, alale, na tangu usiku huo swali lake halijaniacha.

Ninaomba msaada wenu. Je, ni kweli kwamba mechi hizo mbili zinamfunga? Mkataba wa miaka 3 kwa kijana wa umri wake ni jambo la kawaida? Na sisi tulio mbali, tumwambie nini kabla hajatia sahihi mwishoni mwa mwezi?

Kocha wa Katuba (Lubumbashi)

Kaka, ninafundisha vijana mpira hapa Lubumbashi. Nitaanza na kanuni, kwa sababu ndizo zinazowaogopesha wazee pasipo na sababu.

Mechi ya kirafiki ya vijana haimfungi mchezaji. Hata akicheza mashindano rasmi ya vijana, kanuni za FIFA bado zinamruhusu kuomba kuhama shirikisho mara moja. Kikomo cha umri wa miaka 21 cha kuomba kuhama, ambacho nadhani ndicho wazee wanachokikumbuka, kilifutwa mwaka 2009, na mwaka 2020 mlango ukapanuliwa tena: hata aliyekwisha kuichezea timu ya wakubwa anaweza kuhama, ikiwa mechi zake hazikuzidi 3, zote alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka 3 tangu ile ya mwisho, na hakuwahi kucheza katika fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake. Kwa hiyo siku ya kufikiri sana itafika atakapoitwa na wakubwa, si leo.

Waambieni wazee habari za Cédric Bakambu na Gaël Kakuta. Wote wawili walizaliwa Ufaransa, na mwaka 2010 walitwaa pamoja na Ufaransa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 19, Kakuta akichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Bakambu alianza kuichezea Kongo mwaka 2015, Kakuta akafuata mwaka 2017. Aaron Wan-Bissaka, mzaliwa wa London, alipita timu za vijana za Uingereza, na mwaka 2025 akaja kwetu akiwa beki aliyekomaa. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, akavaa jezi ya vijana ya huko, na leo ni Chui.

Jambo linalohitaji uangalifu ni uraia. Kanuni inauliza kama mchezaji, siku ya mechi yake rasmi ya kwanza, alikuwa tayari na uraia wa nchi anayotaka kuhamia. Na Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Kaka yako atafute mwanasheria anayezifahamu sheria za nchi zote mbili, na akusanye hati zote za uzazi mapema, kwani karatasi za Bukavu za miaka ya vita hazipatikani kwa wiki moja.

Kuhusu mkataba, miaka 3 ndiyo mingi kabisa ambayo FIFA inaruhusu kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Klabu imempa muda wote inaoruhusiwa kumpa, maana yake inamtaka. Msomaji mzuri wa mkataba ataangalia mambo mengine: kama kuna kifungu cha kuongeza mwaka wa nne, na kama ni hivyo, ni nani mwenye hiari ya kukitumia, klabu peke yake au pande zote mbili, mshahara unapandaje, akiumia goti, nani anagharamia matibabu na kwa muda gani. Wakala yeyote atakayejitokeza aonyeshe leseni yake, na asizungumze na mtoto kabla wazazi hawajatoa idhini kwa maandishi.

Tena, msikubali kudanganywa kuhusu ile asilimia 5. Mchezaji akiuzwa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Fedha hizo ni za klabu. Hakuna fungu la ukoo ndani yake, na mtu anayewaahidi wazee fungu hilo anawatafutia ugomvi.

Mwana wa Birere (Goma)

Kocha amesema ya kanuni, nami namheshimu, lakini kuna jambo ambalo kanuni haziligusi. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire mjini Abidjan, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wameviweka kwenye kichwa kama bunduki, ili ulimwengu uone kwamba watu wa mashariki wanauawa na hakuna anayesema. Siku hizo mapigano yalikuwa yamefika karibu na Sake, nasi huku Goma tulikuwa tunasikia milio ya mabomu. Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Yoane Wissa, Arthur Masuaku na Bakambu, waliokuwa katika kikosi kile, wote walizaliwa Ufaransa. Hawakulazimishwa kuja. Kijana wenu ana damu ya Bukavu, na Bukavu inahitaji watu wa kuizibia midomo yao mbele ya kamera. Mwambieni hivyo.

Mama wa Himbi (Goma)

Mdogo wangu wa Birere, siku ile nami nililia. Lakini vijana wale walikuja wakiwa watu wazima walioamua wenyewe, na ndiyo sababu ishara yao ilikuwa na uzito. Huyu ana miaka 17.

Baba mdogo, nitakueleza yaliyotupata, kwa kuwa nadhani swali lako la kweli ni lile la mwisho. Mdogo wangu wa kiume alikwenda kucheza nje akiwa na miaka 19, katika klabu ndogo ambayo sitaitaja. Baba yetu alikuwa mgonjwa, alihitaji kupasuliwa, na sisi dada zake tulikuwa tunampigia simu mmoja baada ya mwingine. Kila simu ilianza na salamu na kumalizika na kiasi cha fedha. Alikuwa na mikataba miwili mbele yake: mmoja wa klabu iliyotaka kumlea taratibu, akicheza na timu ya pili huku akiendelea na shule, na mwingine wa klabu iliyotoa fedha nyingi siku ya kutia sahihi bila kumhakikishia chochote baadaye. Alichagua wa pili. Fedha zilifika, baba alipasuliwa, akaishi miaka minne zaidi, na ninamshukuru Mungu kwa miaka hiyo. Lakini mdogo wangu aliumia goti akiwa na miaka 22, mkataba ukaisha, na hakuwa na diploma wala timu. Leo anabeba mizigo usiku katika ghala. Hajawahi kutulaumu hata kwa neno moja. Anapopokea simu, jambo la kwanza analouliza ni: “Kuna tatizo gani?”

Romelu Lukaku, mshambuliaji wa Ubelgiji, ameeleza hadharani kwamba alipokuwa mtoto kule Ubelgiji alimwona mama yake akichanganya maziwa na maji ili yatoshe wiki nzima, naye akajiapia, akiwa mtoto bado, kwamba atacheza ili hali ile iishe. Baba yake mwenyewe alikuwa amecheza kandanda ya kulipwa na kuichezea Zaire, na fedha zilikuwa zimekwisha. Watoto wa wazazi waliohama wanaona kila kitu. Mzigo wanaujua kabla hatujawatajia, nasi tukiwatajia tunauongeza.

Kwa hiyo kikao chenu kiandike azimio, nalo lisainiwe: hakuna mtu wa Bukavu atakayemwomba mtoto huyo fedha mpaka atimize miaka 20, na shida za ukoo zipelekwe kwa baba yake, si kwake. Hilo mnaweza kulifanya mkiwa mbali.

Mzazi wa Ibanda (Bukavu)

Namuunga mkono mama wa Himbi, naongeza la shule. Pierre Kompany alizaliwa hapa hapa Bukavu mwaka 1947, akafika Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi, na mwaka 2018 wakazi wa Ganshoren, manispaa moja ya Brussels, wakamchagua kuwa meya wao. Mwanawe Vincent alianza kuchezea Anderlecht akiwa na miaka 17, umri wa kijana wenu. Alitwaa Ligi Kuu ya Uingereza mara 4 akiwa nahodha wa Manchester City, na akiwa bado mchezaji alisoma biashara mpaka akapata shahada ya uzamili. Alichezea Ubelgiji, na sijamsikia mtu wa Bukavu akikataa kumwita mtoto wetu.

Mwulizeni pia atacheza dakika ngapi. Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi na kukulia Australia, alisajiliwa na Bayern Munich akiwa na miaka 18, lakini ilibidi atafute nafasi ya kucheza kwa mkopo Uswisi, kisha Watford. Jina la klabu halimkuzi kijana anayekaa benchi.

Baba Mdogo wa Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jana nilisoma majibu yenu mbele ya wazee, neno kwa neno, pamoja na yale ya kijana wa Birere, kwa sababu yanasema wanachokihisi wengi wetu. Tulipofika kwenye habari za Bakambu na Kakuta, mzee aliyekuwa mkali kuliko wote aliomba nirudie, kisha akauliza mwanasheria wa kuaminika anapatikana wapi. Hati ya ubatizo ya kaka ipo parokiani. Nitaifuata kesho asubuhi.

Azimio la fedha lilichukua saa mbili. Wajomba wawili hawakukubali, na walitoka kabla ya kumaliza. Waliobaki walisaini 11, na mama yetu, ambaye hajui kuandika, aliweka kidole gumba.

Usiku nilimpigia mtoto. Nilimwambia kwamba mechi za kirafiki aende akacheze, kwamba mkataba usomwe na mwanasheria kabla ya kalamu kushikwa, na kwamba mwaka wake wa mwisho wa shule aumalize, na klabu iandike hivyo katika mkataba. Kisha nikajibu swali lake: hatutamkasirikia. Alinyamaza kidogo, akaomba kuzungumza na bibi yake. Niliwapa simu, nikatoka nje.