Seli yenye CD11c nyingi mapafuni: je, ni dendriti au ni makrofaji?

Mpimaseli aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie katika jambo lililozua ubishi kati yangu na mwenzangu wa maabara. Tulikuwa tukichambua seli za kinga kutoka mapafu ya panya kwa mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza, tukapata kundi kubwa lenye protini ya CD11c kwa wingi sana. Mimi niliandika "seli dendriti", yaani seli zenye matawi zinazoonyesha vipande vya vijidudu kwa seli nyingine za kinga, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kuisoma alama hiyo. Mwenzangu alifuta, akaandika "makrofaji", yaani seli zinazomeza vijidudu na mabaki, akidai kwamba cha kutazamwa kwanza ni mahali seli ilikochipukia tangu mnyama akiwa kiinitete, na kwamba alama na kazi hufuata baadaye. Je, ana hoja, au ni ukaidi tu? Na kama anayo, mtu ataijuaje asili ya seli ambayo tayari imo ndani ya neli?

MzeeWaHadubini alijibu:

Ana hoja, ingawa angekuuliza kabla ya kufuta. Mpangilio wa zamani, uliopendekezwa mwaka 1972, uliweka makrofaji zote katika ukoo mmoja: uboho huzalisha monositi (aina ya chembe nyeupe za damu), monositi huzunguka katika damu, kisha huingia kwenye tishu na kugeuka makrofaji. Ulikuwa rahisi kufundisha, lakini tishu nyingi zimekataa kuufuata. Mwaka 2010 watafiti waliofuatilia seli za panya tangu tumboni walionyesha kwamba mikroglia, yaani makrofaji za ubongo, hutokana na chembe tangulizi za kifuko cha kiini cha yai, ambazo huingia ubongoni kabla uboho haujaanza kuzalisha damu. Makrofaji za vifuko vya hewa, ambazo nadhani ndizo ulizonazo, hutokana hasa na monositi za ini la kijusi; hukomaa katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa kwa msukumo wa GM-CSF, protini inayokuza seli, kisha hujizalisha zenyewe humo humo mapafuni. Seli dendriti halisi ni ukoo mwingine: zina chembe tangulizi yao katika uboho, isiyopitia hatua ya monositi. Ndiyo maana mwaka 2014 lilitolewa pendekezo kwamba jina la seli litangulize asili, na mahali, kazi au alama viongezwe baada yake.

Kuhusu neli yako, CD11c peke yake haitoshi, kwani makrofaji za vifuko vya hewa wanayo tele. Pitisha sampuli moja isiyopakwa kingamwili yoyote yenye rangi: makrofaji hizo hung'aa zenyewe hata bila rangi, na jambo hilo limewapotosha wengi kabla yako. Kisha ongeza kingamwili za kutambua Siglec-F, CD64 na MerTK, protini ambazo makrofaji hizo hubeba juu yake.

Damu_na_Tishu alijibu:

Nakubaliana na mzee, ila nina angalizo. Baada ya homa kali ya mafua, makrofaji nyingi za mapafu hufa na nafasi yao hujazwa na monositi kutoka uboho. Muda ukipita, wageni hao huvaa alama zinazokaribiana sana na za wenyeji. Kwa hiyo kingamwili ulizoshauriwa zitakuonyesha aina ya seli, lakini hazitathibitisha ilikotoka. Kinachothibitisha ni kuweka alama ya kudumu katika jeni za chembe tangulizi, kiinitete kingali tumboni, kisha kuutafuta uzao wake mnyama akishakua. Kwa binadamu hatuwezi kufanya hivyo, tunategemea ushahidi wa kando. Mfano niupendao ni wa mikono iliyopandikizwa: seli za Langerhans (seli za kinga za tabaka la juu la ngozi) za mtoaji zimeonekana zikidumu kwenye ngozi kwa miaka, ingawa damu yote inayopita humo ni ya mpokeaji.

MzeeWaHadubini alijibu:

Umetaja seli inayousumbua mpangilio wowote. Paul Langerhans, aliyezieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi, alizidhania kuwa za neva kwa sababu ya matawi yake. Baada ya watafiti Steinman na Cohn kuzitambulisha seli dendriti mwaka 1973, hizi za ngozi zikawa ndizo mfano wa kufundishia seli dendriti. Leo tunajua kwamba kwa asili ziko upande wa makrofaji, kwani hutokana na kifuko cha kiini cha yai na ini la kijusi. Lakini zikichokozwa huondoka mahali pake na kubeba antijeni, yaani vipande vya kigeni vinavyoamsha kinga, hadi kwenye tezi za limfu, mwenendo ambao makrofaji wa kawaida hana. Mimi huziita seli za Langerhans tu, nikitaja asili yake, kwa kuwa kuzisukuma katika kundi moja ni kuficha nusu ya habari.

Mpimaseli alijibu:

Nashukuruni. Nimepitisha neli isiyo na rangi, na kundi lile lile limeng'aa; lina Siglec-F na CD64 pia, hivyo nimelirudisha jina la mwenzangu. Limebaki kundi dogo lenye CD11c na MHC daraja la pili (protini inayoonyesha antijeni) bila CD64, nalo nimeliandika dendriti kwa penseli hadi nitakapolipima XCR1 na CD172a, alama za matawi mawili ya dendriti, ili nijue ni la tawi lipi.