Tupeane uzoefu: mtu akikohoa mbele za watu, afanyeje yeye na tufanyeje sisi? (Mtwara na Lindi)

Mleta mada
Wanajamvi, salaam. Kusi limeshika, asubuhi kuna baridi, mikorosho inapulizwa, na kila basi linalotoka stendi lina mtu anayekohoa. Akikohoa mara tatu tu, siti ya pembeni yake inabaki wazi hadi mwisho wa safari. Mnaoshughulika na vifua vya watu au na mikusanyiko ya watu, tupeni ujuzi wenu: kikohozi kipi cha kuwahi hospitali, kipi cha kuachwa kipite, na jirani afanye nini asimdhalilishe mtu. Andikeni hatua na vipimo. Habari za fulani kamwambukiza fulani tuziache, maana huyo fulani ana ndugu zake humu.

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, Lindi
Shika wiki mbili. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinapelekwa kupimwa, hata kama mwenye nacho ni mnene na anashinda shambani. Kukiwa na homa za jioni, jasho la usiku la kulowanisha shuka, uzito kupungua au damu kwenye makohozi, usizingoje hizo wiki mbili. Anayeishi na VVU naye asingoje, aje na kikohozi chake hata kiwe cha jana. Vituo vya serikali vinapima bure na dawa ni bure.

Wengi wanakosea kwenye kutoa makohozi. Wanaleta mate, mashine haioni kitu, wanarudi nyumbani wakijua wako salama. Fanya hivi: asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu. Toka nje, simama mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa kifuani, siyo kwenye koo. Kinachotakiwa ni kizito, cha kuvutika, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Povu jeupe jepesi ni mate, rudia. Funika kikopo, kaza mfuniko, peleka mapema. Mashine ya GeneXpert yenyewe inachukua kama saa mbili. Unachongoja zaidi ni foleni, au usafiri wa sampuli kama zahanati yenu haina mashine.

Sasa kuambukiza. Vimelea vya TB husafiri hewani, kwenye vitone vidogo sana vinavyobaki vikielea chumbani hata mkohoaji akishaondoka. Vinahitaji mahali palipofungwa na muda mrefu wa kuwa pamoja. Sinia, kikombe, kupeana mkono, nguo au kiti havileti TB. Lakini nyumba nyingi mgonjwa anatengewa sahani na kijiko chake, halafu usiku analazwa na wajukuu chumba kimoja, dirisha limezibwa gunia kwa sababu ya baridi ya kusi. Mrudishieni sahani yake, lifungueni dirisha.

Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita. Miwili ya mwanzo kidonge kimoja kina dawa nne ndani yake, minne inayofuata zinabaki mbili. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, hiyo ni rangi ya dawa na msiogope. Macho yakiwa ya njano au ukianza kuona ukungu, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Kwa anayemeza kila siku na dawa zikamkubali, uwezo wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki mbili hivi. TB sugu ina taratibu zake na muda wake. Kwa hiyo yule mnayejua kijiji kizima kwamba "anakunywa dawa za kifua" mara nyingi ni salama kukaa naye kuliko yule anayekohoa mwezi wa pili na hajapima. Mkimkimbia huyo wa kwanza, wa pili naye anaona, anajificha.

Bwana shamba, Newala
Niongeze lisilosemwa sana. Kuanzia Juni hadi Septemba huku kwetu Newala, Tandahimba, Masasi hadi Nachingwea, watu wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kwenye maua ya korosho. Kazi inaanza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga unate. Hewa hiyo tulivu inayofaa mkorosho ndiyo inayomuumiza mpulizaji, kwa sababu wingu linabaki pale pale kichwani kwake. Salfa ikikutana na unyevu wa macho na koo inawasha, inaleta kikohozi kikavu, na kwa mwenye pumu inafunga kifua kabisa.

Ukimwona mtu stendi saa nne asubuhi, macho mekundu, anakohoa mfululizo, angalia nyusi na mikunjo ya shati. Kama kuna unga wa manjano na harufu ya kiberiti, huenda ni salfa tu, na kikohozi cha salfa hakiambukizi mtu. Mpe maji anawe uso.

Kwa wapulizaji wenyewe: simama upande upepo unakotokea, hata kama ni kidogo. Miwani ya kuzuia vumbi na barakoa nzuri ya vumbi, siyo kitambaa chepesi. Nguo za kupulizia zibaki kwa kazi hiyo tu, zifuliwe peke yake. Kabla ya kupanda gari oga, osha na nywele. Usifikiche macho, mwagia maji mengi. Na sigara marufuku karibu na mifuko: salfa inashika moto, na moshi wake ni mkali kuliko unga.

Oktoba salfa ikiisha, unaanza moshi wa kubangulia korosho kwenye bati. Maganda yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake mweusi ni hatari kwa kifua. Fanyia nje, watoto na wenye pumu wakae upande usiofuatwa na moshi. Mabibo nayo yanakereketa koo, mlaji atakohoa kidogo na kunyamaza.

Kondakta, njia ya Mtwara–Dar
Hii njia ni zaidi ya kilomita 500, watu wanakaa pamoja siku nzima, kwa hiyo hewa ndiyo kazi yangu ya kwanza. Dirisha moja halisaidii. Fungua la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hata upana wa kiganja, hewa ipite katikati. Kama kuna kifuniko cha juu, kifunguliwe pia. Gari la kiyoyozi lina kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari. Kikiwashwa, mnavuta hewa ile ile kutwa nzima. Mwambie dereva akizime, aingize hewa ya nje.

Vumbi au baridi ikilazimisha kufunga, basi kila kituo, Somanga, Nangurukuru, popote, milango na madirisha yote yawe wazi muda wote wa kushusha na kupakia.

Anayekohoa mpe siti ya dirishani, dirisha lake liwe wazi. Usimpeleke kiti cha mwisho kabisa mbele za watu kama mhalifu, mwambie kwa sauti ya chini, "dirishani utapata hewa." Barakoa inamsaidia zaidi anayekohoa kuliko anayeogopa, na ikilowana imekwisha kazi. Beba mbili au tatu.

Kivuko cha Msangamkuu sijawahi kuona sababu ya kugombana. Upepo wa bahari unamaliza.

Mfamasia, Masasi
Watu wanakohoa kwa sababu ya vidonge pia. Dawa za presha za kundi la captopril, enalapril na lisinopril zinawaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha kukereketa, hasa wakilala. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Usiache mwenyewe, presha itapanda. Rudi kwa daktari abadilishe kundi la dawa, na kikohozi huisha taratibu ndani ya wiki kadhaa. Bibi anayekohoa msibani huenda ana hilo tu.

Kikohozi cha baada ya mafua nacho huweza kubaki wiki tatu au zaidi wakati mtu mwenyewe amepona. Ila zikifika wiki mbili apimwe kama alivyosema muuguzi, ili wasiwasi uishe. Antibayotiki hazitibu mafua, tafadhali msiniombe nusu dozi. Asali kijiko cha chai inatuliza koo, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Pumu: ukiona mtu anapumua kwa filimbi, usimlaze. Mketishe wima, aegemee mbele kidogo, watu wasimzonge. Tikisa bomba la bluu, lile la kuvutia dawa ya pumu, atoe pumzi, bonyeza mara moja huku akivuta taratibu, ashikilie pumzi kama sekunde kumi. Ngojeni nusu dakika hadi dakika moja, rudieni, mpaka mara kumi ikibidi. Hawezi kumaliza sentensi, au midomo imebadilika rangi? Hospitali sasa hivi, mkiendelea na bomba njiani. Mtoto asiyeweza kuvuta, chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa bomba uingie kwa kubana, mtoto apumulie upande wa shingo ya chupa, pumzi tano au sita kwa kila mbonyezo. Na tafadhali: bomba halimaanishi ugonjwa wa kuambukiza.

Mama wa Kilwa
Wakinamama tunakohoa kwenye pindo la kanga, ni adabu njema. Tazama kinachofuata lakini: dakika mbili baadaye pindo lile lile linamfuta mtoto kamasi. Doti ina vipande viwili. Kimoja kiwe cha mtoto, kingine funga fundo dogo kwenye pembe moja, hapo ndipo pa kukoholea. Mkono ukigusa lile fundo unajua. Jioni kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani. Huna kanga, kohoa kwenye kiwiko, siyo kwenye kiganja unachosalimia nacho.

Makohozi: kopo lenye mfuniko, majivu au mchanga wa vidole viwili chini, jioni limwagwe chooni.

Msibani wanawake tunalala ndani, mkeka kwa mkeka, milango imefungwa. Mwenye kikohozi atandikiwe barazani au karibu na mlango ulio wazi, mbali na wenye vichanga, na aambiwe na mtu wa rika lake. Kusalimiana ukiwa na mafua, weka mkono kifuani, sema "shikamoo, nina mafua, sikupi mkono." Hakuna mzee anayekasirika ukitaja sababu.

Vikombe vya kahawa kibarazani: vyote vinasuuzwa bakuli moja, hadi Isha maji yana rangi ya kahawa yenyewe. TB haipiti hapo, mafua na tumbo yanapita. Muuza kahawa aweke birika la pili la maji ya moto, amwagie kila kikombe juu ya bakuli, asichovye. Mwenye mafua aje na kikombe chake.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Na wale tunaowahukumu kwa macho tu, hata hawajakohoa? Miguu, ngozi, wembamba?

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, Lindi
Kwa ufupi. Matende na mabusha, ambayo pwani yetu inayafahamu, huenezwa na mbu. Kukaa siti moja na mwenye mguu mkubwa hakukupi chochote. Mguu wenyewe unataka kuoshwa kila siku kwa sabuni, kukaushwa hadi katikati ya vidole, na kuinuliwa akiketi, kwa hiyo mpishe nafasi ya kuunyoosha. Busha linapasuliwa. Ukoma una dawa, ni bure, na aliyeanza dawa haambukizi. Vidole vilivyokatika ni kovu la zamani. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu: mgeuze alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, na ikipita dakika tano apelekwe hospitali. Wembamba unaweza kuwa kisukari, vidonda vya tumbo, au ni umbo lake tu. Hali ya VVU ya mtu haisomeki usoni, na tangu 2008 tuna sheria inayokataza kumnyanyapaa mwenye VVU.

Kondakta, njia ya Mtwara–Dar
La mwisho, maneno ya kutumia, maana hapa ndipo magomvi yanapoanzia. Usiulize "una TB?" wala usizibe pua ukimtazama. Sema "Pole na kifua, kaka. Nikufungulie dirisha?" Mwache ajibu. Mpe maji. Akikwambia kina muda, ndipo unauliza kwa sauti ya chini, "kimefikisha wiki mbili?" Akisema ndiyo, mwambie kupima ni bure, na mtajie kituo cha serikali kilicho karibu na anakoshukia.