Programu za mikopo zilipowapigia ndugu zetu: tupeane uzoefu

Fundi Cherehani, Mbuyuni

Habari zenu wakuu. Nashona nguo hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Naomba tuongee kuhusu hizi programu za mikopo ya kwenye simu. Suala la riba limeshasemwa sana, hilo tuliache. Nataka tuzungumzie majina ya watu yaliyomo kwenye simu zetu.

Januari nilikwama. Michango ya shule, madaftari, viatu vya mtoto, na mteja wa sare niliyemtegemea akasogeza malipo. Mtu akatuma linki kwenye grupu, nikapakua. Niliomba elfu 80, ikaingia elfu 56, nirudishe 80 ndani ya siku saba. Kabla ya hela kuingia ilinitaka nibonyeze Ruhusu mara nne au tano. Nilibonyeza zote bila kusoma, mtoto kasimama mlangoni na begi mgongoni.

Siku ya saba ilifika sina kitu. Siku ya nane asubuhi mteja wangu akapiga: "Fundi, kuna watu wananiambia nimekudhamini." Akafuata katibu wa jumuiya yetu, kisha mwalimu wa darasa wa mtoto, kisha mama aliyeniuzia vitambaa mara moja tu mwaka juzi. Wote walitumiwa meseji ileile: jina langu kamili, neno tapeli, na kwamba namba yao imewekwa kama mdhamini.

Kilichonitoa machozi ni baba mkwe. Yuko Kibosho, ana kitochi, meseji anasomewa na mjukuu. Kwake udhamini si mchezo. Aliwahi kumdhamini jirani mbele ya mwenyekiti wa kijiji, jirani akashindwa, mzee akalipa. Hakunipigia simu. Alipanda Hiace akashuka mjini, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa leso mfukoni na kuanza kufungua fundo kwa meno kwa sababu vidole vinamsumbua. Noti za elfu tano na za elfu mbili, zimekunjwa ndogondogo, zinanuka moshi wa jikoni. Alikuwa ameuza beberu. Akaniambia, "Mwanangu, kama uliniweka ungeniambia tu."

Sikumweka. Nilimwapia. Akanisikiliza, akaziacha zile noti juu ya meza ya cherehani, akaondoka.

Deni lilikuwa langu na nimeshalilipa. Lakini namba ya yule mzee alinitajia mwenyewe siku naletwa nyumbani kwao, ili nimpigie kukiwa na ugonjwa au msiba. Sikupewa niigawe. Nani amepitia haya, na ulifanyaje? Nanyi mliopigiwa kwa madeni ya wengine, karibuni.

Dereva wa Moshi–Arusha

Mimi walimpigia tajiri wa gari. Alikuwa ananiamini, hesabu nampelekea mwenyewe nyumbani. Hakunifukuza, ila tangu siku ile anakuja kuichukua stendi kila jioni, anahesabu mbele ya konda. Deni lilikuwa elfu 40.

Fundi Simu, Double Road

Pole dada. Karibu kila wiki analetwa mtu na simu yake, anasema "nifutie hii programu wasinipigie tena." Inabidi nimwambie ukweli: kufuta hakurudishi kitu. Ukiruhusu majina, programu inaweza kusoma orodha yote na kuipeleka kwenye kompyuta zao muda huohuo, tena kwa bando lako. Ukija kuifuta kesho, majina yameshafika.

Zamani, kabla ya Android 6 iliyotoka mwaka 2015, programu ilibeba ruhusa zote kwa mkupuo ulipoisakinisha. Sasa inaomba moja moja, na ukikataa simu inaizuia kweli. Shida ni kwamba hawa wanakugomea: hukuruhusu majina, mkopo hupati. Na mtu mwenye shida ya hela saa hiyo hawezi kubishana na kitufe.

Google wenyewe waliliona. Tangu tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store haziruhusiwi kugusa majina wala picha za mwenye simu. Mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au chini ya hapo nao haukubaliki mle. Kwa hiyo dada, zile siku saba peke yake zilitosha kukushtua. Ndiyo maana nyingi zinakuja kwa linki ya WhatsApp, na simu inakuonya kwamba unasakinisha kitu kutoka chanzo kisichojulikana. Ukiona onyo hilo usiendelee, hata kama aliyekutumia ni dada yako wa tumbo moja.

Kama bado unalipa deni na huwezi kuifuta, ingia Mipangilio, kisha Programu, ichague, fungua Ruhusa, zima majina, meseji, picha na mahali ulipo. Waliyochukua wamechukua, ila namba utakayoiandika kesho hawataiona. Na ukiwa humo pitia na nyingine. Mama mmoja tulifungua ukurasa huo pale mezani kwangu tukakuta programu ya tochi ina ruhusa ya majina. Tochi inataka majina ya nini?

Mwenye Duka, Pasua

Tusidanganyane. Wengi wanaolia humu walikopa wakijua hawalipi. Dawa ya deni ni kulipa. Mimi nakopesha majirani unga na mafuta, najua machungu ya kukimbiwa. Mkopaji hapokei simu, utampataje usipomuuliza ndugu yake?

Fundi Cherehani, Mbuyuni

Kaka, nakubali deni ni deni. Lakini wewe ukinidai unga utakuja kubisha hodi kwangu. Hata ukimuuliza ndugu yangu niko wapi, hutamwambia yeye ndiye mdhamini na kwamba mimi ni tapeli. Na daftari lako la madeni lina jina langu tu. Ukoo wangu haumo.

Mweka Hazina, Rau

Sisi ni kikoba cha wanawake 28. Mwenzetu mmoja alikopa huko, na Jumapili asubuhi tuko ibadani simu zikaanza kutetema kwenye mikoba benchi zima. Kila anayechungulia anakuta jina la mwenzetu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa safu ya mbele, anaimba, hajui kitu.

Alipojua hakuja mikutano mitatu. Alidhani tumemtenga. Ikabidi twende nyumbani kwake wanne, tukamkuta anapukuchua mahindi, hakuinua uso mpaka tulipokaa naye chini na kuanza kupukuchua pia.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo mawili. La kwanza, namba za wanachama na za wategemezi wao tulizitoa kwenye simu yangu. Tumenunua kitochi cha kikoba kwa hela ya faini za uchelewaji, kinakaa kwenye sanduku pamoja na daftari. Simu yangu ina programu za watoto, michezo, vitu hata sivijui. Sikuona haki namba za watu 28 zikae humo. La pili, mfuko wa jamii sasa unamkopesha mwanachama hadi elfu 50 kwa mwezi mmoja bila riba, na anaomba kwa kuniambia mimi tu, halisemwi mkutanoni. Kumbe aibu ya kuomba mbele ya watu ndiyo iliyokuwa inawapeleka kwenye simu. Hilo tulichelewa kuliona, na mimi kama kiongozi linaniuma.

Niliyekuwa Upande wa Pili, Arusha

Nimesoma nikasita kuandika. Nilipomaliza chuo nilipata kazi Arusha, chumba kimoja juu ya duka, vijana kumi na wawili, kila mmoja na simu mbili. Kampuni siitaji. Asubuhi unapewa orodha: jina la mkopaji, kiasi anachodaiwa, na chini yake majina kama alivyoyaandika mwenyewe kwenye simu yake. "Mama." "Mama Line Mpya." "Padri." "Daktari wa Presha." "Bosi." "My wangu" na alama ya moyo. Unasoma simu ya mtu usiyemjua na ndani ya dakika tano unajua anaumwa nini, anasali wapi, anampenda nani. Tulielekezwa kuanza na Mama na Bosi kwa sababu hapo ndipo mtu analipa haraka.

Kuna siku nilipiga "Baba Kijijini." Akapokea mwanamke, sauti imekauka. Akasema mwenye simu wamemzika juzi, simu wanaiacha imewashwa ili walio mbali wakipiga wapewe taarifa. Akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Sikuwa na jibu. Jioni nilikabidhi simu zao na sikurudi, hata mshahara wa nusu mwezi sikuufuata.

Dada fundi, nakuomba radhi ingawa si mimi niliyempigia mzee wako. Kama ulimwandika "Baba Mkwe", basi alikuwa juu kabisa kwenye orodha.

Msaidizi wa Kisheria, Ngarenaro

Naongezea upande wa sheria, kwa sababu naona watu wanadhani hakuna pa kwenda.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina la mtu na namba yake ya simu ni taarifa binafsi. Sheria inataka zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na zisitumike nje ya lengo hilo. Sasa angalieni jambo ambalo wengi hawalioni: mkopaji alibonyeza Ruhusu, kwa hiyo watamwambia alikubali. Baba mkwe alikubali wapi? Yeye mwenyewe ana haki ya kupeleka malalamiko Tume kwa jina lake, hata kama mkwe wake bado anadaiwa. Katibu wa jumuiya vilevile, na mwalimu vilevile.

Kwa matusi na vitisho kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hiyo unaanzia polisi.

Na kabla hujakopa uliza leseni. Anayekopesha kidijitali anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya daraja la pili, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kuisikia orodha hiyo.

Ombi langu moja: msifute meseji kwa hasira. Mtu anakuja kulia mbele yangu, nikimwomba ushahidi anasema aliifuta palepale asiione tena. Piga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, na waombe waliopokea wakutumie zao. Meseji iliyofika kwa mtu mwingine ndiyo ushahidi mkubwa kuliko iliyofika kwako.

Mfanyabiashara, Himo

Hilo la Tume lisidharauliwe. Navuka Holili kwenda Taveta kila wiki, na wenzetu kule walianza mapema, sheria yao ya data ni ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba walizozipata kutoka kwa watu wengine kuwasumbua wakopaji. Ilianza na watu wa kawaida kama sisi waliopeleka malalamiko.

Binti wa Majengo

Mimi sijawahi kukopa popote. Nilipigiwa siku tatu mfululizo kwa deni la mtu niliyesoma naye kidato cha pili. Nikamtukana kwenye grupu la shule mbele ya wote. Nimesoma stori ya mama wa kikoba hapo juu, nimeona nimtafute leo.

Fundi Cherehani, Mbuyuni

Asanteni sana wote. Ndugu wa upande wa pili, nimefungua simu kuangalia. Kweli, nimemwandika "Baba Mkwe Kibosho." Sina kinyongo na wewe.

Leo nimekusanya skrinshoti kwa niliowapata, zimefika 19. Mwalimu wa mtoto amesema atalalamika kwa jina lake mwenyewe, katibu wa jumuiya anafikiria. Niliwapigia mmoja mmoja na kuwaomba radhi, wawili hawakupokea. Mama wa vitambaa alinishangaa, akasema hajawahi kuombwa radhi kwa kitu kama hicho, tukaishia kuongea bei ya vitenge.

Mweka hazina, nimeiga lako. Namba za wazee wetu nimezihamishia kwenye daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma, kwa kalamu.

Jumapili baada ya misa napanda Kibosho na hela ya beberu, zilezile noti, sijagusa hata moja. Mume wangu anasema mzee hatazipokea. Nitamsomea na ile sehemu ya malalamiko, nimuulize kama yuko tayari kuweka dole gumba. Nikishuka nitaandika alichosema.