Naomba ushauri: kazini tumepewa mipango mitatu ya bima ya afya, nichague upi na tutibiwe wapi?

Karani_Mpya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kazini wametufungulia dirisha la kuchagua bima ya afya. Linafungwa baada ya wiki mbili, na ukishachagua hubadilishi mpaka mwaka ujao. Tuko watatu: mimi, mke wangu ambaye anameza dawa za presha kila siku, na mtoto wa miaka 4. Mwaka ujao tunatarajia kuongeza mtoto mwingine. Viwango nimevigeuza kuwa pointi ili tusiingie kwenye mambo ya sarafu.

Mpango A: makato pointi 20 kwa mwezi. Tunachangia 10% ya kila bili. Bima inalipa mpaka 5,000 kwa mwaka. Hospitali ni chache, na kumwona daktari bingwa lazima uwe na rufaa.

Mpango B: makato 40 kwa mwezi. Tunachangia 10%. Bima inalipa mpaka 20,000 kwa mwaka. Orodha ya hospitali ni ndefu na kwa bingwa unaenda moja kwa moja.

Mpango C: makato 8 kwa mwezi. Pointi 600 za kwanza za mwaka tunajilipia wenyewe, baada ya hapo bima inatoa 80% na sisi 20%. Tukishatoa jumla ya 1,500 kwa mwaka, kinachobaki chote ni cha bima. Hospitali ni zilezile za B.

Wenzangu wengi wanakimbilia C kwa sababu ya makato. Afisa utumishi anasema A inatosha. Naombeni mwongozo, na pia mtu akizidiwa usiku aende wapi ili bili isikataliwe. Naomba kuwasilisha.

ChapChap

Chukua C, pesa inayobaki weka akiba. Kampuni za bima zinakula kwa woga wa watu.

Mhesabu

ChapChap, ushauri huo unamfaa kijana asiye na mke wala dawa za kila siku. Huyu ana vyote viwili. Tupige hesabu.

Makato ya mwaka mzima: A ni 240, B ni 480, C ni 96. Sasa weka bili juu yake.

Mwaka mwepesi, bili zote 150: A inakugharimu 255, B 495, C 246. A na C ni kama sawa. Mpaka wao uko kwenye bili ya 160. Ukizidi hapo A ndiyo nafuu.

Mwaka wa kawaida, bili 1,000: A 340, B 580, C 776. Hapo C ndiyo ghali kuliko zote, maana zile 600 za kwanza zimetoka mfukoni mwako.

Mwaka mbaya, mtu kalazwa na kafanyiwa upasuaji, bili 6,000: A 1,240, B 1,080, C 1,596.

Mwaka wa balaa, bili 20,000: A 15,240. B 2,480. C 1,596.

Rudia kusoma huo mstari wa mwisho. Neno "kikomo" limeandikwa kwenye vipeperushi vyote lakini halimaanishi kitu kimoja. Kwenye A na B kikomo ni cha bima: ikifika hapo inanawa mikono na wewe unaendelea kulipa. Kwenye C kikomo ni chako: ukifika hapo wewe ndiye unayeacha kulipa. Ndiyo maana huo mpango wa makato madogo ndio unaokukinga zaidi siku ya ugonjwa mkubwa, na ndio unaokuumiza zaidi kwenye ugonjwa wa wastani. Dhidi ya B, ukiacha mwaka mwepesi, C inakuwa nafuu pale tu bili za mwaka zinapovuka 11,160.

Kabla hujasaini, uliza mambo matatu na ujibiwe kwa maandishi. Je, vikomo hivi ni vya familia nzima au vya kila mtu? Ile 5,000 ya A ikigawanywa kwa watu wanne ni kitu kingine kabisa. Je, ndani ya kikomo kikubwa kuna vidogo, mfano meno, miwani, uzazi, wagonjwa wa nje? Na kwenye C, je, bili za nje ya orodha na dawa zinahesabiwa kufikia ile 1,500? Mara nyingi za nje ya orodha hazihesabiwi. Pia hakikisha C yenyewe haina kikomo cha bima kilichofichwa ukurasa wa mwisho, la sivyo hesabu yangu ya mwaka wa balaa inaanguka.

Karani_Mpya

Mhesabu, ubarikiwe. Kumbe kikomo kina pande mbili! Uzazi je? Na dawa za presha zinaingia wapi?

DawatiLaBima

Mkuu, kwenye uzazi ndipo watu wanapoanguka sana, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza, muda wa kusubiri. Mikataba mingi hailipi uzazi mpaka zipite kati ya miezi 9 na 12 tangu mwanachama aingie. Bima za makundi makubwa ya wafanyakazi mara nyingine hufuta sharti hilo, lakini usidhani, uliza. Uliza pia kama ukihama kutoka A kwenda B baadaye unaanza kuhesabu upya.

Pili, uzazi huwa na kikomo chake kidogo ndani ya kile kikubwa. Uliza kiasi cha kujifungua kawaida na cha kujifungua kwa upasuaji. Kama ni kiasi kimoja kwa vyote, linganisha na bei ya upasuaji kwenye hospitali unayoitaka, maana upasuaji haupangwi siku zote.

Tatu, mtoto mchanga. Mama akiruhusiwa lakini mtoto akabaki kwenye chumba cha uangalizi maalumu, bili ile ni ya nani? Mikataba mingine huitoa kwenye kikomo cha uzazi cha mama, mingine huifungulia mtoto nafasi yake tangu siku ya kuzaliwa, mingine hailipi mpaka mtoto asajiliwe. Usajili una siku zake, mara nyingi 30. Fomu ijazeni mapema, ibaki jina na tarehe tu.

Dawa za presha: tafuta kipengele cha magonjwa ya kudumu na cha magonjwa yaliyokuwepo kabla ya bima. Yakishatajwa kuwa yanalipwa, omba orodha ya dawa na uangalie jina la kiambata chenyewe, yaani dawa halisi iliyomo ndani ya kidonge, siyo jina la biashara lililo kwenye boksi. Dawa yenye kiambata kilekile na kipimo kilekile kutoka kampuni nyingine kwa kawaida hufanya kazi ileile, na bima nyingi hulipa ile ya bei ndogo tu. Uliza kama unaweza kuchukua dawa za miezi 3 kwa mkupuo. Inapunguza safari na ada ya kumwona daktari. Na presha usiifiche kwenye fomu. Ikija kugundulika baadaye, kampuni inaweza kukataa madai au kufuta uanachama, na hapo hata afisa utumishi hana la kukusaidia.

NesiWaZamu

Niingie hapo kwenye presha na ujauzito, kwa sababu inabadilisha hata swali la hospitali.

Mkeo amwone daktari kabla ya kushika mimba. Baadhi ya dawa za presha hazitakiwi kwenye ujauzito, mfano enalapril, lisinopril na losartan, daktari atazibadilisha. Asiache dawa mwenyewe nyumbani. Mimba yenye presha inahitaji mahudhurio mengi na bingwa wa uzazi. Kwa hiyo kwenye Mpango A uliza kama rufaa moja inatosha kwa ujauzito mzima au kila hudhurio linataka karatasi mpya.

Mnapochagua pa kujifungulia, msidanganywe na vigae na mapazia. Ulizeni hivi: chumba cha upasuaji kinafanya kazi saa 24? Mtaalamu wa usingizi yupo zamu usiku au anapigiwa simu aje? Damu ipo hapohapo? Kuna uangalizi wa watoto wachanga, au mtoto atahamishiwa kwingine? Na usiku, siyo saa nne asubuhi, mnafika kwa dakika ngapi?

Sasa pa kwenda mkiumwa. Mafua, kikohozi cha siku mbili tatu, vipele, dawa zimeisha: daktari wa kawaida au ushauri wa daktari kwa simu kama bima yenu inao. Jeraha dogo la kushonwa, homa ya mtu mzima, sikio la mtoto, kifundo kimeteguka: kliniki inayofunguliwa mpaka jioni. Idara ya dharura kwa mambo kama haya utapangwa foleni nyuma ya wagonjwa mahututi na bili itakuwa kubwa bure.

Idara ya dharura ni kwa haya: maumivu ya kifua, hasa yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika, damu isiyokata, degedege, kichwa kilichogongwa kikifuatiwa na kutapika au usingizi usio wa kawaida, mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza, au presha ya 160/110 kwenda juu. Dalili za kiharusi, yaani zile za mdomo, mkono na maneno, andika saa zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Siku hiyo usifungue orodha ya bima. Nenda kwenye hospitali ya karibu yenye uwezo, karatasi zitafuata.

ChapChap

Sawa nimekubali kushindwa, C naibakiza kwangu mimi bachela.

DawatiLaBima

Bachela mwenye akiba ya 1,500 pembeni, hapo sawa kabisa. Asiye nayo atakwama kwenye zile 600 za mwanzo.

Niongezee kwenye karatasi alizozisema Nesi. Mikataba mingi inataka kampuni ijulishwe ndani ya saa 24 hadi 48 tangu mgonjwa alazwe kwa dharura. Siyo lazima mgonjwa apige, ndugu yeyote mwenye namba ya kadi anaweza. Andika jina la aliyepokea simu na namba ya kumbukumbu. Mgonjwa akishatulia, uliza kama ni lazima ahamishiwe hospitali ya orodha. Wengi bili inawageukia siku ya tatu kwa sababu hawakuuliza.

Na unapopigia hospitali, usiseme "mnapokea bima ya kampuni fulani?" Watakujibu ndiyo, na watakuwa wakweli. Kampuni moja ina mipango mingi, na hospitali inaweza kupokea miwili tu kati ya hiyo. Sema: "Nina kadi ya kampuni fulani, mpango B wa wafanyakazi, mnaipokea kwa kulazwa na kwa wagonjwa wa nje?" Kuna hospitali zinazopokea upande mmoja tu. Omba uongee na dawati la bima lenyewe, siyo mapokezi. Kama kuna upasuaji, uliza pia kama daktari mpasuaji, wa usingizi na maabara wako kwenye orodha hiyo, kwa sababu wengine huleta bili zao tofauti na ya hospitali.

MsomaMkataba

Madai yanakataliwa kwa sababu za kuchosha tu. Jina kwenye kadi halilingani na la kitambulisho. Kipimo kikubwa cha picha kama CT au MRI kimefanywa bila kibali cha awali cha bima. Kibali kilitolewa kwa kulazwa siku 2, mgonjwa kakaa 5 na hakuna aliyeomba nyongeza. Risiti imeandikwa jumla bila mchanganuo. Muda wa kudai umepita. Kuna mikataba ya siku 30, kuna ya 90.

Chumba nacho ni mtego. Ukipanda daraja la juu kuliko lililo kwenye mkataba, unaweza kudhani utalipa tofauti ya kitanda peke yake. Baadhi ya mikataba hupunguza kwa uwiano uleule ada ya daktari na upasuaji pia.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi ikiwa na namba ya kipengele. Mpe daktari aandike barua ya kueleza kwa nini huduma ilihitajika, akijibu kipengele hicho hicho. Barua ya malalamiko ya jumla haisogezi faili.

Karani_Mpya

Nashukuruni sana wakuu. Nimeegemea B kwa mwaka huu wa ujauzito. Swali la mwisho: ofisi ya mke wangu nayo ina bima na anaweza kuniingiza. Nizibebe zote mbili?

Mhesabu

Mnaweza, ila pesa moja hailipwi mara mbili. Kwa kawaida kadi ya mwajiri wake mwenyewe ndiyo inayoanza kwa matibabu yake, na yako inafuata kulipia kilichobaki, kama mikataba inaruhusu. Kwa mtoto kila mkataba una kanuni yake ya nani anaanza. Lakini kabla ya hapo angalia kikomo cha uzazi kwenye bima yake na kama ameshamaliza muda wa kusubiri. Kama kinatosha, na presha yake inalipwa huko, basi wewe huhitaji 480 za B. Chukua A kwa ajili yako na mtoto, mke abaki na ya kwake, na mtoto atakayezaliwa mwandikisheni kwenye ile yenye kikomo cha kila mtu, siyo cha familia.

Karani_Mpya

Kesho nampa aombe mkataba kamili kazini kwao, siyo kipeperushi. Nitaleta mrejesho kabla dirisha halijafungwa.